Kabla hujaripoti kambini

Mwanangu Athumani,

Marahaba. Picha nimeziona, dada yako alinikuzia kwenye simu. Mduara wa pajani umenyanyuka pembeni, una magamba, katikati kumetulia. Hao ni fangasi tu. Si mdudu, wala hujarogwa kama anavyodai baba yako mdogo.

Ila hiyo tyubu uliyopewa na rafiki yako iache leo. Unaisifu kwamba inakata muwasho usiku mmoja. Inakata kweli, kwa sababu ina steroidi inayolaza kinga ya ngozi, na fangasi wakikuta kinga imelala wanatambaa. Mmoja umekuwa mitatu, hukujiuliza? Soma ubavuni: ukiona betamethasone au clobetasol, hata kama imechanganywa na dawa ya fangasi, si yako. Na ole wako upake kinenani, ngozi ya huko inapata michirizi isiyofutika.

Nunua klotrimazoli tupu, ya asilimia 1. Oga, jikaushe kabisa, paka asubuhi na jioni, uvuke ukingo wa mduara kwa upana wa kidole. Ni wiki 2 hadi 4, na ngozi ikishasafika uendelee wiki moja au mbili. Nakujua, ukipata nafuu unaona umepona. Hata dozi ya malaria nilikuwa nakusimamia mpaka kidonge cha mwisho. Kijana aliyepata divisheni wani asishindwe na tyubu.

JKT utavaa buti kutwa nzima. Kausha katikati ya vidole, badilisha soksi, bafuni ingia na kandambili, na taulo usimwazime mtu hata akikuita mchoyo. Dawa ikiisha na mduara upo, nenda zahanati ya kambi umweleze daktari ulikuwa unapaka nini. Usifiche, maana steroidi inafuta ule ukingo, naye anaweza kudhani ni pumu ya ngozi akakuandikia steroidi nyingine.

Mdogo wako Mwanaidi naye ana mapunye kichwani. Krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, kwa hiyo anameza dawa ya fangasi, griseofulvini, wiki 6 hadi 8. Inataka chakula chenye mafuta, basi kila siku napika kwa nazi na baba yako ananuna kwamba nazi zinaisha. Wali anakula lakini! Paka wetu naye ananyonyoka manyoya, huenda ndiye aliyemwambukiza, nimemhamishia uani. Mwanaidi amelia, atanyamaza.

Mzigo nimempa kondakta, ukaupokee stendi Jumamosi: taulo mbili, soksi, kandambili. Hela ya dawa nimeituma kwa shangazi yako, usiigeuze bando. Ukishanunua nipigie picha ya tyubu mpya, na ile ya zamani itupe, usimpe mwenzio.

Mwambie shangazi fundi amekuja kupima paa la jikoni. Anataka mabati sita, mimi naona manne yanatosha.

Mama yako