Barua ya wazi kwa mdogo wangu: miaka ya sarakasi hujaitupa

Mdogo wangu mpendwa,

Juzi kwenye simu ulisema umefikisha miaka 29, na kila ukienda kwenye usaili wa tamthilia unakuta vijana wa miaka 20 wamekutangulia. Ukasema miaka yote ya sarakasi umeitupa. Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Leo ninalo: mwigizaji Mads Mikkelsen wa Denmark.

Unamjua. Ndiye yule anayetokwa damu jichoni katika Casino Royale ya 2006, akicheza karata na James Bond. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1965, akakulia kwenye jimnastiki, kisha akaishi kwa kudansi jukwaani karibu miaka 10. Shule ya uigizaji ya Aarhus aliimaliza 1996, akiwa na miaka 30. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya Pusher, ya mwongozaji Nicolas Winding Refn, ambamo alikuwa Tonny, mhuni mwenye upara na maandishi yaliyochanjwa kisogoni. Jina lake likaanzia hapo.

Sasa tafuta filamu yake Jagten (kwa Kiingereza The Hunt). Anaigiza mfanyakazi wa chekechea aliyesingiziwa kumdhalilisha mtoto, na kijiji kizima kinamgeuka. Mkesha wa Krismasi anaingia kanisani uso umevimba kwa kipigo, anakaa, halafu anageuza shingo kumtazama rafiki yake. Anageuka tena. Na tena. Hajasema neno, mimi tayari nalia. Mwaka 2012 tamasha la filamu la Cannes lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa kazi hiyo.

Lakini iliyonifanya nikuandikie ni filamu ya Druk (Another Round), ya 2020, iliyoleta Oscar Denmark. Siku chache baada ya kuanza kupiga picha, binti wa mwongozaji, Thomas Vinterberg, alifariki katika ajali ya gari. Waliimaliza kwa ajili yake. Mikkelsen humo ni mwalimu wa historia aliyezubaa, ambaye zamani alijifunza dansi na hataki hata kuombwa aoneshe. Mwishoni, bandarini, wanafunzi wanasherehekea kuhitimu, naye anaanza kucheza: anazunguka, anagaagaa chini, anainuka, bia mkononi, kisha anaruka kuelekea majini, na filamu inaishia akiwa hewani. Alikuwa na miaka 53, mdogo wangu. Ule mwili ulifunzwa kabla hajajua kushika mstari mmoja wa mchezo wa kuigiza.

Wewe ukianguka jukwaani unajua kuanguka. Hao vijana wa foleni hawajui.

Nauli ya usaili wa Jumamosi nimeshakutumia. Wakikuuliza unaweza nini, usianze na maneno.

Kaka yako