Kabla hujawaandikia kuhusu zile picha za Diani

Salma mwenzangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, kwamba kampuni ya utalii imeweka picha zako za Diani kwenye tovuti yake bila ruhusa. Kabla hujaiandikia ile kampuni ya utalii, nijibu kwanza: picha hizo ulizipiga mwenyewe tu, au hoteli ndiyo iliyokupa kazi?

Nauliza kwa sababu kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinaihesabu hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Wapiga picha wengi hawalijui hili, na linaniuma. Oda ijayo, kabla ya kushika kamera, andika kwenye mkataba: "Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, mteja atatumia picha kwa matangazo yake kwa miaka miwili." Mtie sahihi nyote wawili. Na hata hakimiliki ikihama, haki ya kutajwa kuwa ndiwe uliyepiga picha inabaki yako.

Kama hukuagizwa na mtu, picha ni zako tangu ulipozipiga, ziwe zimesajiliwa KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) au la, ingawa cheti husaidia sana ukibishiwa. Usianze kuwalalamikia hadharani. Watazifuta na ushahidi upotee. Piga skrini shoti za kila ukurasa, anwani na tarehe zikionekana. Weka tayari faili ghafi za kamera, zile za awali, ziwe ushahidi wako, kwa kuwa wao wana nakala zilizopunguzwa tu. (Zile ulizotuma WhatsApp kama picha zilishapoteza jina lako lililokuwa ndani ya faili. Siku nyingine zitume kama dokumenti.)

Kisha andika notisi ya kuondoa picha chini ya kifungu cha 35B cha sheria ile ile, kilichoongezwa 2019, kwa kampuni inayohifadhi tovuti hiyo kwenye seva zake. Weka jina lako kamili, simu, anwani, maelezo ya picha, sahihi na hati ya kiapo. Wana saa 48 za kazi kuzizima picha hizo. Taja kiungo cha kila picha. Ukitaja tovuti nzima, hawatajua waondoe nini. Tovuti ikiwa imehifadhiwa Marekani, utatumia sheria yao ya hakimiliki ya mtandaoni ya 1998, DMCA. Huko tamko lako linatosha bila kuapa mbele ya wakili, lakini mwenye tovuti akipinga, picha hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipofungua kesi.

Notisi huondoa picha tu, hailipi. Fidia idai kwa barua nyingine, ukiambatanisha bei unayotoza kwa matumizi kama hayo.

Nitumie ile barua pepe ya kwanza ya hoteli, tuone walikuagiza kwa maneno gani.

Wako,
Rehema