Kabla hamjaenda Wadi Hammamat

Mwanangu Salma,

Kwa kuwa wewe na wenzio mmeshakata shauri kwenda kuyaona machimbo ya mawe ya kale ya Wadi Hammamat, bonde la jangwani huko Misri, soma haya kabla hamjakodi gari. Nendeni kati ya Novemba na Februari. Ondokeni Qift, mji ulio kando ya Nile, alfajiri. Machimbo yako karibu katikati ya barabara iendayo Quseir, pwani ya Bahari ya Shamu. Kila mtu abebe maji lita sita, na mengine ya akiba yabaki garini. Kisima cha kale cha Bir Hammamat ni cha kutazama tu. Pasipoti ziwe karibu kwa ajili ya vizuizi vya askari, na habari za kibali ulizeni mapema.

Mkiona wingu zito juu ya milima, geuzeni gari hata kama mlipo hapajadondoka tone. Mvua ya mbali huteremka korongoni kwa ghafla, na ile changarawe tambarare inayovutia kuegesha ndiyo njia ya maji.

Jiwe la pale, ambalo Wamisri wa kale waliliita bekhen, ni la kijivu kinachoelekea kijani, lenye chembe ndogo sana, na likisuguliwa hung'aa. Mita moja ya ujazo ina tani 2.7 hivi. Ndiyo maana majeneza ya mawe yalianza kuchongwa palepale, uzito upungue kabla ya safari ya kwenda Nile. Tafuteni yaliyoachwa bila kumalizika, kisha chunguzeni nyufa. Mwamba ule una mipasuko ya asili inayorahisisha kumegua bonge, lakini mingine hujificha ndani na kujitokeza kazi ikiwa imekwenda mbali. Fundi hugonga akasikiliza: jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa mlio uliokufa. Nyinyi msigonge.

Safu ya matundu ya kabari ni alama ya zama za chuma, hasa za Wagiriki na Warumi. Mafundi wa Mafirauni wa mwanzo walipondaponda kwa mawe magumu zaidi. Mwongozaji akikwambia kwamba kabari za mti zilizolowekwa maji ndizo zilizopasua kila kitu, msikilize kwa adabu, ila usiyaandike.

Maandishi ya ukutani husomeka jua likiwa la pembeni. Adhuhuri yote hufifia. Msipake chaki wala maji. Ulizieni yale ya Firauni Ramesses IV: yanataja msafara wa watu 8,368, na wafu 900 walioachwa nje ya hesabu hiyo. Ramani ya eneo hilo iliyochorwa kwenye karatasi ya mafunjo zama zake, karibu mwaka 1150 KK, iko makumbusho ya Turin, Italia.

Vaeni buti. Kifusi huteleza, kwa hiyo msipande mkifuatana wima, jiwe analolisukuma wa juu lisije likampata wa chini. Mkono usiingie kwenye mwanya usioonekana ndani; kuna nge na nyoka. Saa nane mchana muwe mmeshaanza kurudi, barabara ile si ya kuendesha usiku.

Mama yako