Barua kwa Mwanangu Kabla Hujasafiri

Mwanangu mpendwa,

Kitabu utakachokikuta juu ya nguo zako ni riwaya ya Yaa Gyasi iitwayo Homegoing, iliyochapishwa mwaka 2016. Nimekwisha kuisoma, nami nakuandikia kwa sababu tukizungumza ana kwa ana utanikatiza uniambie kwamba wasiwasi wangu hauna msingi.

Ndani yake wamo Effia na Esi, mabinti wa mama mmoja na baba tofauti, waliozaliwa karne ya 18 katika nchi ambayo leo ni Ghana, wala hawakulelewa pamoja. Effia anaolewa na Mwingereza na kukaa katika vyumba vya juu vya ngome ya Cape Coast, ilhali Esi amefungwa chini, kwenye shimo la watumwa, akingojea meli ya kumpeleka Marekani. Wanakaa ndani ya kuta zilezile na hakuna anayejua kwamba mwenzake yupo hapo. Nilipofika hapo niliwafikiria wewe na dada yako.

Najua utasema kwamba nyinyi hamkuuzwa na mtu. Ni kweli, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Wale walitenganishwa kwa nguvu, na dhuluma hiyo ikaandama vizazi. Mjukuu wa Esi, Kojo, ananyakuliwa mke wake mjamzito baada ya Marekani kupitisha sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, na mtoto anayezaliwa anabaki na herufi moja tu, H, kuwa ndiyo jina lake. Mtoto huyo hakuwa na wa kumuuliza habari za baba yake. Wewe unaye wa kumuuliza, dada yako, namba yake unayo, na ujumbe wake hujaujibu mpaka leo.

Kitabu kinaanza kwa mti wa ukoo, nami niliurudia kila mara, kwa kuwa kila sura ni ya mzao mwingine, mara wa upande wa Effia, mara wa upande wa Esi, kwa vizazi saba. Kilichoniuma ni kwamba mti huo anauona msomaji peke yake. Waliomo ndani yake wanaishi na kufa bila kuujua. Yupo Baaba, mwanamke aliyemlea Effia, ambaye alijua tangu mwanzo kwamba mtoto huyo si wa tumbo lake, akanyamaza. Niliposoma habari zake nilimkumbuka kaka yangu. Mtu wa mwisho kuwa na anwani yake nilikuwa mimi, na wewe hata sura yake huijui. Tuyaache hayo.

Naona fahari kubwa juu yako, kwa maana nafasi hii umeipigania mwenyewe na hukupendelewa na mtu. Lakini usidhani umbali ndio utakaowatenganisha. Mtatenganishwa na siku moja ya kutojibu, kisha mwezi, kisha aibu ya kuanza upya, hadi watoto wenu wapishane njiani kama wageni. Mjibu dada yako. Ulimkosea kwa maneno yale na unajua hivyo, hata kama naye ulimi wake ni mkali.

Yeye ndiye atakayekaa na ufunguo wa chumba chako. Vyeti vyako amevitia vyote katika bahasha moja, akaandika jina lako juu, asiyekujali asingejisumbua. Begi dogo zipu yake imelegea, kwa hiyo usitie humo hati ya kusafiria. Blanketi zito nimelifua, nalo ulichukue hata kama utaliona mzigo.

Dada yako nimempa nakala yake ya riwaya hii. Someni sura kwa sura, mpigiane simu kila mnapomaliza moja, na asianze yeye kila mara. Sura ya Akua, mmoja wa wazao wa Effia, ni nzito mno. Ukiifikia usiisome usiku ukiwa peke yako, msubiri dada yako naye aifikie.

Mama yako