Saruji imetoka juu. Je, imeshika kesingi?

Wenye visima vya jotoardhi hutuuliza mara nyingi, sisi tunaopima saruji visimani: saruji imeonekana ikitoka juu ya kisima, sasa kipimo cha sauti ni cha nini? Swali hili lina haki yake. Rigi, yaani mtambo wa kuchimbia, hulipiwa kwa siku, na muda wote kifaa chetu kikiwa kisimani hakuna kinachochimbwa. Lakini saruji iliyotoka juu inathibitisha jambo moja tu, kwamba ilipata njia ya kupita. Haikuambii kama imeizunguka kesingi, yaani bomba la chuma la kisima, pande zote, wala kama kuna mahali iliacha maji katikati.

Na kwenye visima vya mvuke, maji hayo ndiyo adui mkubwa. Miamba ya Olkaria, Kenya, ina nyufa nyingi, na saruji hunywewa kabla haijafika juu. Wachimbaji hulazimika kumalizia kwa kuimimina kutoka juu, kwenye mwanya ulio kati ya kesingi mbili. Pale saruji ya kwanza ilipoishia na ya pili ilipoanzia, maji yanaweza kunaswa. Kesingi ya uzalishaji ya inchi 9⅝ ikiwa ndani ya ile ya inchi 13⅜, maji hayo hayana pa kutorokea. Kisima kikianza kupashwa joto, yakishavuka nyuzi 100 za Selsiasi, shinikizo lake hupanda kwa zaidi ya megapaskali 1 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Kesingi ya inchi 9⅝ ya chuma cha daraja la L-80, yenye uzito wa pauni 47 kwa futi, huminywa na kubonyea ndani kwenye takriban megapaskali 33. Piga hesabu mwenyewe. Kisima kitakuwa kimefika chini ya nyuzi 150 tu, ilhali Olkaria kuna visima vinavyopita 300.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa. Bomba lisiloshikwa na kitu ukiligonga hulia. Lililoshikwa na saruji sauti yake hufa upesi. Kifaa hushushwa kwa waya, hutoa mlio wa takriban kilohezi 20, na kipokezi kilicho umbali wa futi 3 hupima nguvu ya wimbi lililopita kwenye chuma. Kwa kesingi tupu ya inchi 9⅝, isiyo na saruji nyuma yake, tunatarajia takriban milivolti 52. Saruji nzuri huishusha namba hiyo hadi milivolti chache. Kipokezi cha pili, kwenye futi 5, huchora treni nzima ya mawimbi. Hapo, mistari iliyonyooka ya mwanzo inaonyesha chuma kinacholia, na ile inayopindapinda baadaye ni mwamba wenyewe unaojibu, ishara kwamba saruji imeshika chuma na mwamba pia.

Shida ni kwamba wengi hukabidhiwa mchoro wakaangalia mstari mmoja tu, ule wa milivolti. Mstari huo unaweza kudanganya, na mara nyingi udanganyifu wake hupendeza macho. Kifaa kikiegemea upande mmoja kwa robo inchi tu, nguvu ya wimbi hushuka kwa takriban nusu, na saruji mbovu ikaonekana nzuri. Kinachofichua jambo hili ni muda wa wimbi kusafiri: ukifupika kwa zaidi ya mikrosekunde 4 au 5 kuliko inavyotarajiwa, kifaa hakiko katikati, na sehemu hiyo irudiwe. Sisi hatukabidhi mchoro usio na mstari wa muda, na wewe usikubali kuupokea kutoka kwa mtu yeyote.

Upo udanganyifu wa kinyume pia. Saruji inaweza kuwa imara kabisa, lakini bomba likawa limesinyaa kidogo baada ya shinikizo la ndani kushushwa, likaacha upenyo mwembamba kuliko karatasi. Mchoro utasema saruji ni mbovu. Hapo tunarudia kipimo kisima kikiwa kimeongezwa shinikizo, kwa kawaida psi 1,000 (pauni 1,000 kwa inchi ya mraba). Milivolti zikishuka, tatizo ni upenyo. Zisiposhuka, tafuta mfereji, yaani njia iliyoachwa wazi ndani ya saruji, au saruji isiyogandamana. Tumeona watu wakitaka kutoboa kesingi isiyo na kasoro, ili waingize saruji zaidi, kabla ya kufanya jaribio hili dogo, nasi tunawasihi wasubiri. Kutoboa kesingi ya uzalishaji ya kisima cha mvuke ni kuanzisha udhaifu ambao joto litaurudia kila kisima kinapofunguliwa na kufungwa.

Milivolti pia ni wastani wa mzunguko mzima wa bomba. Mfereji mmoja ulio upande wa mashariki na saruji hafifu iliyoenea kote huweza kutoa namba ileile. Ikiwa uamuzi unategemea tofauti hiyo, tunashusha kifaa cha mawimbi ya masafa ya juu, kinachozunguka na kuchora ramani ya bomba pande zote. Gharama yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo hatukipendekezi kila mahali. Mahali kesingi mbili zinapopandana tunakisoma kwa tahadhari, kwa sababu mwangwi wa kesingi ya nje huingiliana na wa ndani.

Visima vya mvuke vina ugumu mwingine: saruji hutakiwa kufika juu kabisa, hivyo hakuna kipande cha bomba tupu cha kuhakikishia kifaa. Ndiyo maana tunakihakiki kwenye bomba letu la majaribio kabla ya kuondoka, na karatasi ya uhakiki tunaiambatanisha na ripoti.

Kuhusu wakati, tuite kabla saruji haijamiminwa, si baada. Vifaa vingi vya kawaida huvumilia nyuzi 175 tu, kwa hiyo kipimo kifanyike kisima kikiwa bado kimepozwa na maji ya kuchimbia, saruji ikiwa imeshapata nguvu, na kabla ya kuanza kuchimba chini ya kiatu cha kesingi, yaani ncha yake ya chini. Tuletee ratiba ya uchimbaji, mchanganyiko wa saruji na matokeo ya maabara ya muda wake wa kukaza. Kwa hayo tutakuambia saa ngapi za kusubiri zinatosha na kifaa kipi kinafaa kushushwa.