Safari ya Unguja: tuchague mwezi

Habari zenu wapendwa. Kabla hamjapiga kura, naomba msome hapa.

Machi mwishoni hadi Mei ni masika. Bei za hoteli hushuka kweli, lakini nyingine hufungwa kabisa, na mvua inaweza kunyesha siku tatu mfululizo. Mimi sishauri.

Juni hadi Septemba ni kusi, msimu wa upepo wa kusini: hewa baridi kidogo, jua la kutosha. Tatizo ni bahari. Boti ya Dar huyumba sana, hivyo wanaotapika wameze dawa saa moja kabla na wakae nyuma, chumba cha chini. Desemba hadi Februari ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, joto kali, na mwisho wa mwaka vyumba hupanda bei.

Napendekeza Septemba, kusi ikianza kulegea.

Tarehe tutazame mwezi angani. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida: Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, maji hukimbia mbali mno, saa 4 au 5 asubuhi mnabaki na mchanga, majani na miba ya urumba, kiumbe cha baharini chenye miba mikali. Viatu vya majini ni lazima. Wanaotaka kuogelea kutwa, tulale Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayakimbii mbali hivyo.

Kura zenu kabla ya Ijumaa jioni, tafadhali.