Wanafunzi wasio na makaratasi Marekani: tufuate njia ya Waliberia

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu, na nikiwa hapa Marekani naona kila likiandikwa huko nyumbani linaandikwa juujuu tu, mara Obama aliwasaidia, mara Trump amewakatalia, wakati marais wamekuja na kuondoka na hawa watoto bado wako palepale. Nazungumzia wanafunzi walioletwa Marekani wakiwa wadogo ambao hawana makaratasi. Mi naona tatizo kubwa liko bungeni, kwenye namna miswada yao inavyopelekwa, na kuna njia imeshafanya kazi kwa Waafrika wenzetu ila hakuna anayeisema.

Kwanza niseme hawa watoto ni akina nani, manake wengi huko wanadhani ni waliovuka mpaka wa Mexico usiku. Wapo hao, lakini wa kwetu wengi wamekuja na ndege, viza ya matembezi au baba alikuwa na viza ya masomo, viza ikaisha, wazazi wakabaki, mtoto akapelekwa shule. Na shule hawamkatai, tangu mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua kwenye kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwa kura 5 kwa 4, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu ya makaratasi. Kwa hiyo anasoma bure mpaka darasa la 12, anakula kiapo cha bendera ya Marekani na wenzake, Kiingereza anakijua kuliko lugha ya bibi yake, halafu siku anataka kwenda chuo ndo wazazi wanamwambia ukweli, huna namba ya soshal, ile ya serikali ya kuajiriwa nayo, mkopo wa serikali hupati, kazi huwezi kuajiriwa. Jamani fikiria hiyo siku nyumbani kwao.

Sasa bungeni. Mswada wa kwanza wa hawa watoto, DREAM Act, uliingia Seneti mwaka 2001, ukiletwa na Orrin Hatch wa Utah ambaye ni Mrepublikani na Dick Durbin wa Illinois ambaye ni Mdemokrati, yaani vyama vyote viwili walikuwemo. Kikao cha kuwasikiliza kilipangwa Septemba 12, 2001. Jana yake nyote mnajua kilichotokea New York, kikao kikafutwa, na tangu hapo kila anayetaka kuongelea uhamiaji anaambiwa kwanza usalama wa mpaka.

Mtu akisema "Wamarekani hawawataki hawa watoto" mi namrudisha Desemba 2010. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada, kura 216 kwa 198. Ukaenda Seneti, na Seneti kule kura 51 hazitoshi, lazima upate 60 ndio mjadala ufungwe na mswada upigiwe kura yenyewe. Ukapata 55 dhidi ya 41. Warepublikani watatu walisema ndio, akiwemo Murkowski wa Alaska, na Wademokrati watano wakasema hapana. 55 ukiongeza hao watano ni 60 kamili! Watoto walikosa kwa sababu ya watu watano wa chama kilichokuwa kinajiita chama chao. Na ilikuwa imebaki wiki mbili bunge lile liishe, uchaguzi umeshapita na Wademokrati wamepoteza Baraza la Wawakilishi, kila mwenye jimbo gumu anaogopa kivuli chake. Kwa nini haukupigiwa kura mwaka 2009 wakati walikuwa na nguvu? Kwa sababu waliokuwa wanaongoza walikuwa wanasubiri mswada mkubwa, ule wa kumaliza kila kitu mara moja, mpaka, viza za kazi, wazazi, wakulima, wote.

Huo mswada mkubwa ndio umetumaliza. Mwaka 2013 ulipita Seneti kura 68 kwa 32, watu wakashangilia, Spika Boehner wa Baraza la Wawakilishi hakuuleta hata kupigiwa kura. Mwaka 2021 Biden akaleta mwingine mkubwa siku ya kwanza tu ofisini na haukufika popote, halafu mwaka huohuo Wademokrati wakajaribu kuwachomeka hawa watoto kwenye mswada wa bajeti ambao unapita kwa kura chache, afisa wa kanuni za Seneti akawakatalia mara tatu kwamba hilo sio jambo la bajeti. Mtaka yote hukosa yote, na hapa anayekosa ni mtoto ambaye hakushirikishwa kwenye hesabu hizo.

Sasa Waliberia. Hawa walikimbia vita miaka ya 90, wakawa wanaishi kwa vibali vya muda vinavyoongezwa na rais, leo vipo kesho havijulikani, wengi wako Minnesota na Rhode Island. Mwaka 2018 Trump akatangaza kwamba kibali chao kinafika mwisho. Seneta Jack Reed wa Rhode Island alikuwa anawaletea mswada wao mdogo kwa miaka mingi, unakufa anauleta tena, unakufa anauleta tena. Desemba 2019 ukawekwa ndani ya mswada wa ulinzi, ule wa kila mwaka wa jeshi ambao hakuna mbunge anataka kuonekana ameuangusha, na Seneti ilikuwa ya Warepublikani, na Trump huyohuyo akautia saini. Aliyekuwa Marekani tangu Novemba 2014 au kabla akaruhusiwa kuomba grinkadi, kibali cha kuishi moja kwa moja, yeye na familia yake. Bila maandamano makubwa, bila hotuba ya rais. Wanaigeria wa hapa niliowauliza hawajui, Wakenya hawajui, Watanzania ndo kabisa.

Najua kuna atakayesema mbona DREAM Act nayo iliwekwa kwenye mswada wa ulinzi Septemba 2010 ikashindwa, 56 kwa 43. Kweli, lakini angalia ilivyowekwa. Ilitangazwa kwa kelele wiki chache kabla ya uchaguzi, ikaunganishwa na ugomvi mwingine mkubwa wa wakati ule kuhusu mashoga jeshini, kila mtu akajua ni ya kampeni na Warepublikani wakafunga mlango. Ya Waliberia ilikuwa na kundi dogo linalohesabika, ina tarehe moja inayoeleweka, iliingizwa kimya kimya mezani na watu ambao walishaongea na pande zote, na uchaguzi ulikuwa mbali. Mswada wa ulinzi ni basi ambalo kila mwaka lazima lifike, swali ni nani anampandisha mtoto na saa ngapi.

Kwa hiyo naomba mashirika yanayotetea wanafunzi wajaribu hivi, mswada wa wanafunzi peke yao, tarehe moja ya kuingia nchini, umri mmoja, uletwe mwaka usio wa uchaguzi, na usakiwe Warepublikani wa kutosha kufikisha kura 60, mmoja mmoja, kabla haujatajwa kwenye tivii. Na wakiulizwa watatoa nini, watoe. Hapa ndo wengi tunagombana. Februari 2018 kulikuwa na mswada wa pande mbili, dola bilioni 25 za mpaka na ukuta, na kwa upande mwingine njia ya uraia kwa vijana kama milioni 1.8, ila wazazi wao wasije kudhaminiwa na hao vijana kupata makaratasi. Ulipata kura 54, ukahitaji 60, na Ikulu ilikuwa inaupinga wazi. Wapo wanaharakati waliosema afadhali umekufa kuliko kuwauza wazazi. Nawaheshimu, wengine ni marafiki zangu, lakini mi ni mzazi na nimeongea na wazazi wa kwetu kanisani na msikitini kwenye futari, sijakutana na mama hata mmoja anayesema mwanangu asipate mpaka na mimi nipate. Wote wanasema apate yeye kwanza. Hiyo sauti ya wazazi haifiki Washington, inayofika ni ya wanaoongea kwa niaba yao.

Na kusubiri kuna gharama. DACA ya Obama ya Juni 2012 sio sheria, ni amri tu ya utawala, inampa kijana kibali cha kutofukuzwa na cha kufanya kazi kwa miaka miwili miwili, na inataka uwe umeishi Marekani tangu Juni 2007. Hebu piga hesabu, mtoto anayemaliza hai skuli sasa hivi ilibidi awe ameingia akiwa ananyonya au hata kabla hajazaliwa! Na maombi mapya hayashughulikiwi, kesi ya Texas ya kuipinga inazunguka mahakamani mwaka wa ngapi huu. Kwa hiyo ndugu zangu huko nyumbani, mtu akikupigia kwamba alipwe hela amfungulie mwanao wa Marekani DACA mpya, huyo anakuibia.

Hata majimbo sio pa kuegemea. Texas ilikuwa ya kwanza mwaka 2001 kuruhusu hawa watoto kulipa ada ya wenyeji kwenye vyuo vya umma, ilisainiwa na gavana Rick Perry, Mrepublikani. Imekaa zaidi ya miaka 20. Juni 2025 serikali kuu ikaishtaki Texas, Texas yenyewe ikakubali siku hiyohiyo, na jaji akaifuta siku hiyohiyo. Kuna binti hapa kwetu alikuwa anasomea uuguzi, ada ikapanda karibu mara tatu, sasa anafanya usafi na mama yake usiku. Uuguzi, nchi ambayo hospitali zake zinalia hazina manesi.

Wito wangu ni kwa wale wenzangu wa hapa ambao wameshapata uraia, maana tupo wengi Texas, Minnesota, Massachusetts, na tunajua kupiga simu nyumbani kila Jumapili ila hatujui hata majina ya maseneta wetu wawili. Piga simu ofisini kwao, vijana wanaopokea wanaandika idadi ya waliopiga na wamesema nini. Usiwaambie "tunataka mageuzi ya uhamiaji", hiyo wameisikia tangu 2001. Uliza hivi: mlichowafanyia Waliberia kwenye mswada wa ulinzi wa 2019, mtawafanyia lini wanafunzi, na wewe utakuwa kura ya ndio au hapana? Wakikuzungushia, piga tena wiki ijayo, na mpe simu jirani yako naye apige.

Mama wa watatu,
Dallas, Texas